Ufa wa Ekseli

Sogeeni, wanangu. Blandine, na weye Chadrack, kaeni hapa karibu, sauti yangu haiendi mbali tena. Garaji ya Songo ni yenu wawili; mashine ya kuchomelea ni ya Blandine, maana mkono wake umetulia, na weye Chadrack usininunie. Hayo ndiyo mepesi.

Miaka tisa mmemchukia Thierry, dereva wa kamyo ya mchele iliyopinduka Luberizi mama yenu akiwa juu ya magunia. Mlimfukuza kwenye kilio, mkamwita mlevi na muuaji, na minye baba yenu nilikaa pale nikanyamaza. Wanangu, Thierry hakunywa kitu. Ekseli ya magurudumu ilikatika, na ufa wake minye niliuona.

Chuma hakiuawi na mzigo wa siku moja. Bandu bandu huisha gogo. Kwa kila shimo la barabara kinapinda kidogo na kurudi, mara elfu na elfu, mpaka ngozi yake inafifia, inaota mikunjo midogo, na hapo ufa unaanza, mwembamba kuliko unywele. Ndiyo maana niliwafundisha kupaka mazutu ya dizeli, kupangusa, kisha kunyunyiza unga wa muhogo: penye ufa mazutu yanatoka tena na kuchora mstari. Asubuhi ile, nilipokagua kamyo kabla ya safari, mstari ulitoka. Lakini mwenye mchele alikuwa anapiga honi, mama yenu naye anawahi soko, nikausugua kwa tupa mpaka ukapotea, nikasema, "Nendeni, ni mkwaruzo tu." Ole wangu! Marie-Rose wangu alinipungia mkono.

Kipande cha ekseli ile kiko chini ya kitanda hiki. Tazameni kilipokatikia: sehemu kubwa ni nyeusi na laini, huo ni ufa wa zamani, panapong'aa ni padogo, ndipo palipokatika siku ile. Fundi yeyote ataelewa.

Kipelekeni kwa Thierry, Mutarule, mbele ya watu wa kanisa lake, mseme kosa ni la baba yenu. Jina la garaji litaharibika, najua. Liharibike. Msinizike kabla... niinueni kidogo... kabla hajaambiwa, na kwenye kilio changu mumpe kiti pamoja na wafiwa. Akikataa, msimlaumu.

Mungu awalinde, wanangu, awape... maji, Blandine. Awape moyo wa kusema mapema kuliko minye. Chadrack, acha kulia, chukua pikipiki, umlete leo. Nataka anitukane nikiwa bado nasikia.