Historia ya Marehemu Dkt. Elpidius Kamugisha, Aliyetaja Uzito Kabla ya Mizani

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Kamuli, sasa Wilaya ya Kyerwa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jovitus na mama Placidia. Katika kibanja cha mzee, yaani shamba lake la migomba, mkungu wa ndizi ukikatwa kila mtoto alitaja uzito wake kabla haujatundikwa kwenye mizani, ukishataja hubadilishi, na aliyekosea zaidi ndiye aliyeubeba kichwani hadi jikoni, na dada zake husema ndiyo maana Elpidius hakurefuka.

Alisoma shule ya msingi Kamuli, mwaka 1984 hadi 1990, sekondari akasomea Karagwe, mwaka 2008 akapata shahada ya uzamivu ya fizikia ughaibuni, akarudi kufundisha chuo kikuu. Alifunga ndoa na Edith Kokuhirwa tarehe 10 Julai 2004, katika usharika wao wa Bweranyange, wakajaliwa Ainembabazi na Edgar.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa uzito wa barioni, chembe ndogo mno zinazoundwa na chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki, hasa zile zenye kwaki nzito zinaposisimuliwa kwa nishati, na mwaka 2019 alitaja uzito wa moja ambayo hakuna maabara iliyokuwa imeiona. Mwaka 2022 vipimo vya awali kutoka ng'ambo vikaelekea kwingine, wenzake wakamsihi arekebishe mapema, mkewe naye akamwambia kung'ang'ania si ushujaa, lakini yeye alijibu kwamba hakuna aliyemwonyesha kosa katika hesabu, na kuibadilisha ili ifanane na mizani ni kuchungulia. Tangu hapo nyumba ile haikukaa kwa raha, simu ikiita wote walishtuka.

Agosti 2024 figo zilifeli, na hofu yake kubwa ikawa kufa kabla ya jibu, akamwachia Edith neno kwamba akiwa amekosea, lisemwe mbele ya watu bila kupakwa sukari. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025.

Majibu ya mwisho ya maabara kuhusu chembe ile yalifika jana kaburi likichimbwa, Edith akayasoma amesimama. Marehemu alikosea. Leo asubuhi Ainembabazi alikata mkungu nyuma ya nyumba, akakataa kusaidiwa, akaubeba kichwani hadi jikoni, na ndizi hizo ndizo mtakazokula tukitoka makaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kamuli, na wenzake wa kazini, pamoja na wale waliothubutu kumbishia.

Elpidius, mkungu umeshafika jikoni, sasa pumzika.