Ua wa Mitarakwa

WARIARA: Haloo? Ni nani?

KIPTUM: Ni nani tena? Ni jirani yako Kiptum, Baba Jerop, yule umemkatia simu sasa hivi.

WARIARA: Na nitamkatia tena! Mtu mzima na panga yake anakuja kwangu asubuhi, anakata ua wangu kama—

KIPTUM: Mama Natalie, habari ya asubuhi kwanza.

WARIARA: Mbaya! Hiyo mitarakwa nimeinyoa wiki nzima, ikakaa kama kichwa cha bwana harusi. Sasa iko na shimo, ng'ombe anapita bila kujikuna.

KIPTUM: Nisikize—

WARIARA: Nisikize wewe! Leo Natalie analeta wazazi wa huyo kijana wake. Watu wa Molo, wamelala kwake mjini. Wataingilia wapi, kwa geti ama kwa shimo la Kiptum?

KIPTUM: Sikuambiwa kuna wageni.

WARIARA: Si tulikuwa hatuongei.

KIPTUM: Sawa. Mama, canter yangu imeharibika hapo kwenye kona, juu ya boma lako kidogo. Springi imevunjika, kabeji zote bado ndani. Betri nayo imelala, hata taa haziwaki. Na ukungu ulivyo—

WARIARA: Na triangle za kuonya magari?

KIPTUM: Zilienda na mafuriko nikiishi Kihoto. Zilifuatana na godoro. [Mkwaruzo] ...kwa hivyo nikafanya vile kila dereva hufanya. Nikakata matawi, nikayapanga barabarani, mwenye kuteremka ajue mbele kuna gari. Halafu nikashuka na boda hadi Mai Mahiu kutafuta springi. Nilikuwa naomba tu uchungulie kama matawi bado yako.

WARIARA: [Nyayo, mbuzi analia]

KIPTUM: Haloo? Network inapotea ama ni wewe?

WARIARA: Niko.

KIPTUM: Matawi?

WARIARA: Yanakula... yanaliwa na mbuzi.

KIPTUM: Yote?

WARIARA: Niache mitarakwa yangu ilale barabarani watu wa Molo waikanyage? Nimeokota hadi la mwisho.

KIPTUM: Na canter hukuiona?

WARIARA: Na huu ukungu? Niliona matawi tu. Hasira ndiyo ilikuwa inanishika mkono.

KIPTUM: Wewe unatembea kwa miguu na hukuiona. Mwenye gari je?

WARIARA: Kiptum.

KIPTUM: Eeh?

WARIARA: Natalie alinipigia wakipita Rironi.

KIPTUM: Wanateremkia huku.

WARIARA: Wote. Kwa van moja, Owino ndiye dereva.

KIPTUM: Mpigie na simu ya mzee wako Muiruri. Usinikate.

WARIARA: Muiruri! Leta simu! ...Hapatikani. Baba Jerop, hapatikani!

KIPTUM: Hapo msituni simu hulala. Sikiza, usilie. Panga yako iko wapi?

WARIARA: Ya nini?

KIPTUM: Kata matawi mengine.

WARIARA: Ya ua wangu?

KIPTUM: Ama ungoje yaletwe kutoka Molo?

WARIARA: [Anahema] Nakata. Woi, nilikuwa nimeuchana vizuri. Muiruri, wewe kata, mimi nabeba! ...Nimebeba. Niweke nyuma ya canter?

KIPTUM: Hapana! Akiyaona hapo ashaigonga. Panda juu, upite kona, uende mpaka uchoke, halafu uende kidogo tena. Breki kwenye tope haishiki haraka. Na utembee kando, upande wa shamba. Umevaa nini?

WARIARA: Kiptum, mume wangu yuko hapa!

KIPTUM: Rangi, mama! Rangi!

WARIARA: Nyeupe. Ni ya wakwe.

KIPTUM: Ukisimama kwa ukungu na nyeupe, wewe ni ukungu. Tafuta kitu cha kung'aa.

WARIARA: Kuna... kuna ile sanamu ya kufukuza ndege kwa mahindi. Imevaa jaketi ya reflector.

KIPTUM: Reflector gani?

WARIARA: Reflector tu.

KIPTUM: Ya kijani? Imeshonwa kwapani na uzi mwekundu?

WARIARA: Kiptum, tuko na haraka!

KIPTUM: Hiyo ni yangu! Miezi mitatu naitafuta, na uliniambia pengine imebebwa na fisi!

WARIARA: Nimeivua. Nimeivaa. Napanda.

KIPTUM: [Mkwaruzo] ...naskia ukihema.

WARIARA: Nimepita kona. Matawi nimeyaweka. Sioni kitu. Ni kama niko ndani ya uji.

KIPTUM: Zima mdomo, fungua masikio. Kona kama hiyo, gari unaiskia kabla ya kuiona.

WARIARA: Ngoja... Kuna kitu. Inakuja. Kiptum, inakuja!

KIPTUM: Kaa kando! Punga!

WARIARA: Simama! Owino, simama! Sima—

KIPTUM: Mama Natalie? ...Mama Natalie! ...Wariara!

WARIARA: [Kutoka mbali, honi na sauti za watu]

KIPTUM: Haloo!

WARIARA: Niko. Simu ilianguka kwa tope. Amesimama juu ya matawi. Alikuwa anakuja polepole, taa zote zinawaka, kumbe mzee wa Molo amemkalia mgongoni tangu Rironi, anamwambia ukungu haukimbizwi. Natalie ananicheka. Nimepokea wakwe na nguo ya sanamu!

KIPTUM: [Anapumua] Mungu ni mkubwa. Wawashe taa za hazadi, wapite canter pole pole. Lakini matawi yabaki, kuna malori nyuma yao.

WARIARA: Yatabaki. Mzee ameshuka, anaongeza mengine. Anakata... woi, anakata kwa ua wangu! Baba, karibu, kata tu! Kiptum, ua umeisha. Kutoka barabarani unaona hadi sufuria.

KIPTUM: Nitakupandia mwingine. Springi nimepata, nakuja na fundi.

WARIARA: Ngoja. Huyu mama mkwe anaongea Kikalenjin chenu tu, mimi natabasamu hadi mashavu yanauma.

KIPTUM: Aah. Sasa ndiyo unanikumbuka.

WARIARA: Ningekualika vipi na reflector yako imesimama kwa mahindi? Si ungeiona?

KIPTUM: [Anacheka] Salio linaisha, mama—

WARIARA: Basi skiza haraka! Funga hiyo springi, osha mikono, wewe na fundi wako. Mukimo iko, mbuzi iko, ile iliyokula matawi tumeiachia maisha. Pitia tu kwa shimo lako, Baba Jerop. Njooni mle!