Dhahabu Tumboni mwa Minza

Kijiwe chetu cha Majengo ni taruma la reli lililolazwa juu ya matofali likawa benchi, mbele ya birika la Ponsian muuza kahawa. Mwaka ule wa tisini na sita hapakuwa na ugonjwa uliotushinda pale. Siku hiyo mgonjwa alikuwa Minza, binti wa Maduhu, miezi minne, macho ya manjano na uvimbe chini ya mbavu za kulia. Hospitali ilitaka apelekwe Mwanza akapasuliwe, na treni ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Maduhu alikaa nasi na karatasi ya idhini, hajaitia sahihi. Nami nilikuwepo, kahawa nilikunywa, kwa hiyo sijitoi.

—Mapapai hayo, akasema Gervais, fundi baiskeli. Mama mtu kala mapapai mimba nzima. Mwanikeni juani, rangi itapauka.

—Tumemwanika wiki tatu, akajibu Maduhu. Anazidi tu.

—Mmemwanika upande mmoja! Mgeuzeni.

Gelasius, tuliyemwita Profesa kwa sababu aliwahi kuchimba mgodini, akaweka kikombe chini.

—Nyie hamjui kitu. Maji ya kisima chenu si yanatoka upande wa mgodi? Mama kanywa, mtoto kanyonya. Ile ni dhahabu, imejikusanya tumboni.

—Acha zako, Profesa!

—Sasa mbona wanataka kumpasulia Mwanza? Kule si ndiko kuna masonara?

Naona aibu kusema, lakini tulitikisa vichwa kukubali. Maduhu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

—Basi. Mwanangu hapasuliwi.

Kumbe Nyanzala, mkewe, alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto mgongoni, ndoo ya nepi kichwani. Akamwamkia Profesa vizuri, shikamoo mzee, halafu akatuuliza sote:

—Choo cha Minza kina rangi gani?

Gervais akamtazama Maduhu. Maduhu akatazama birika.

—Nawauliza nyie mabingwa. Daktari aliniuliza hilo kabla hata hajamgusa.

—Cha njano, akajaribu Maduhu.

—Cheupe, Baba Minza! Cheupe kama chokaa, mwezi wa pili huu! Njia ya nyongo imevimba ikawa kifuko, nyongo haishuki. Watakitoa hicho kifuko, halafu njia waiunganishe na utumbo. Hujafua hata nepi moja, wewe unakataa nini? Usiposaini naweka dole gumba langu mwenyewe, na anayetaka kunirudisha kwetu anifuate Mwanza!

Profesa akanyoosha kikombe kuomba kingine. Ponsian akafunika birika.

—Kahawa imekwisha, akasema, na birika lilikuwa bado linafuka moshi.

Maduhu akaitoa karatasi, akainyoosha juu ya goti, akaomba kalamu ya Gervais na kusaini. Alipoinuka, Nyanzala akamkabidhi ndoo.

—Za njiani utafua wewe.

Akaipokea mbele yetu sote, akaibeba mpaka stesheni.