Manase Agawa Mawazo

Siku hiyo mjinga alikuwa Manase, na mwenyewe hakatai. Kosta ilipotoka tu Njombe, alianza kumsimulia jirani yake wa kiti, mama mmoja aitwaye Oktavia, jinsi alivyopona kukosa usingizi. Kwenye semina moja aliambiwa mtu asibebe mawazo peke yake. Basi baada ya sala ya jioni akayagawa: binti yake awaze paa linalovuja, mama yake mzazi amuwaze mnunuzi wa parachichi asiyepokea simu, na mkewe awaze viazi visije vikaungua na baridi.

"Na wewe ukabaki na lipi?"

"Mimi nililala, mama. Fofofo!"

"Na wenzako?"

Manase akakohoa. Wenzake walikesha siku tatu. Ya nne, mkewe alibeba godoro akarudi kwao Makambako, na ndiko Manase alikokuwa akimfuata.

"Lakini mama, nilimpa kuwaza tu! Sikumtuma kulima. Sasa nimwambieje arudi?"

Kosta ikaingia stendi. Oktavia akanyanyua kikapu chake.

"Mwambie umefuata lile wazo lako la viazi, baba. Godoro mwachie, alale."