Wacera na Mama Walivyotazamana kwa Simu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, mgeni wetu wa heshima; Mkuu wa chuo pamoja na walimu wetu; wazazi, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu tunaofuzu leo, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wanafunzi, na Mama yangu, Chepkirui, aliyeketi pale mstari wa pili, amenikubalia nisimulie habari yake.

Kwetu Moi's Bridge, Mama alikuwa na rafiki aliyeitwa Wacera. Mashamba yalipakana, walipanda mahindi pamoja wakavuna pamoja, na mimi nililelewa mgongoni mwa wote wawili. Baada ya uchaguzi wa 2007, majirani wa makabila mbalimbali walipogeukiana, nyumba ya Wacera ilichomwa. Alipanda lori na watoto wake, Mama akilifuata barabarani huku analia, na tangu siku hiyo hatukujua alikokwenda.

Nikiwa kidato cha pili nilimpata kwenye Facebook. Alikuwa Nyahururu, amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa, anatabasamu. Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mwandikie, Mama," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Wacera sasa ni mtu mkubwa. Angalia hiyo nyumba."

Hakumwandikia. Lakini kila jioni aliniuliza, "Wacera ameweka nini leo?" Akishaona, anaanza kulalamikia mabati yetu yenye kutu. Siku moja akavaa nguo ya kanisani, akataka nimpige picha kando ya trekta ya jirani. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Wenzangu, ni wangapi kati yetu ambao hatujawahi kusimama kando ya trekta isiyo yetu?

Miaka ikapita hivyo. Mwaka jana nikashindwa kuvumilia, nikamwandikia Wacera mimi mwenyewe: "Mama anakukumbuka sana." Alipiga simu papo hapo.

"Cynthia, ile nyumba mimi nafua nguo tu pale," akasema. "Nami nilipoona trekta ya mamako nikajua ametajirika. Nikaogopa atadhani namtafuta niombe."

Mwezi wa Agosti alikuja kututembelea. Walikaa jikoni wameshikana mikono, wakachekana mvi. Kisha Mama akamwambia, "Rudi nyumbani." Wacera akatazama nje, pale nyumba yake iliposimama, ambapo sasa ni mahindi matupu.

"Moyo unataka, Chepkirui. Miguu inakataa."

Ndugu zangu, moto ule Mama hakuwa na uwezo wa kuuzima. Lakini ile miaka yote ya kutazamana kwenye simu, ni nani aliyewakataza kuzungumza?

Walimu wetu, wazazi wetu, tunawashukuru kwa kutufikisha hapa. Wacera naye tulimwalika, akasema atajaribu kusafiri. Tangu asubuhi Mama amekataa mtu yeyote akalie kiti kilicho kando yake, na hata sasa ninapozungumza, bado anageuka kutazama lango.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.