Kikohozi cha Mlango wa Bafu

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya basi, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa akimsimulia abiria mwenzake. Miaka mingi alipanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, bafu moja, mlango hauna komeo. Ukifika unakohoa, aliyemo anajibu, "Kuna mtu." Sasa mwanawe amempa nyumba nzima, na bado anakohoa.

"Lakini mama, si unaishi peke yako? Sukuma tu mlango."

"Nasukuma, baba. Ila kwanza nasubiri kidogo."

"Unamsubiri nani?"

Basi likasimama kituoni. Fundi, ambaye naye kwake hana wa kumwitikia, aliinuka kushuka, koo likamwasha, akakohoa.

"Kuna mtu," mama akasema, bila kugeuka.