Kisahani cha Nguzo

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi viatu, jirani na soketi ya ukutani, na birika la kahawa hukaa katikati yetu. Fundi mwenyewe tunamwita Hakimu, kwa kuwa hutoa hukumu hata kwa yasiyomhusu. Spika ni kinyozi wa mlango wa pili, hajui kunong'ona. Nguzo alipanda nguzo za simu mpaka alipostaafu. Mke wake ni marehemu, na binti yake wa pekee yuko ng'ambo, mtafiti wa mawasiliano na umeme usiopita kwenye waya. Mimi huketi mwisho wa benchi. Mchana ule Nguzo alikuja na kisahani cheusi cha kuchajia simu alichotumiwa na binti yake. Alikichomeka ukutani, akalaza simu juu yake, na taa ndogo ya kijani ikawaka.

— Umeme bila waya, na huu ni nini? Spika aliuliza, akiuinua waya wa kisahani.

— Huo unaishia kwenye kisahani, we mbishi, Nguzo akajibu. Kutoka hapo umeme unaruka wenyewe.

— Unapita wapi?

— Hewani.

— Ndiyo maana goti linaniwaka tangu uketi!

— Goti lako ni uzee, Hakimu akasema bila kuinua macho kwenye soli. Umeme huo humfuata aliyeitwa tu.

— Basi binti atutengenezee cha kahawa, Spika akasema. Unaweka kikombe, kinajaa.

— Kahawa kitu gani? Hakimu akadakia. Ataleta sahani kubwa kama kitanda. Unalala mzee, unaamka kijana.

— Wewe ukilala, mtaa mzima unabaki gizani!

Tulicheka. Nguzo hakucheka. Aliisogeza simu kidogo kwa kidole.

— Amesema ikae katikati. Ikienda pembeni haipokei.

— Imeshajaa hiyo, ndugu yangu, Spika akasema, na safari hii sauti yake ilishuka. Amepiga leo?

— Bado.

— Na jana?

— Yuko kazini, huko kwenye mitambo yao isiyo na waya.

Mama mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amesimama akisubiri Hakimu amshonee mkanda wa kiatu.

— Si umpigie wewe, baba?

Nguzo alitikisa kichwa.

— Mwanangu, mwenzako akiwa juu ya nguzo, hupigi simu kwenye laini yake. Ukipiga, umeme wa kuliza kengele unampata mikononi. Nimemwona mtu akining'inia kwa mkanda wake wa kupandia kwa sababu hiyo. Aliye juu atapiga akimaliza. Wewe wa chini unangoja.

Kazi yake tuliijua.

Yule mama alikitazama kisahani, akaitazama simu.

— Lakini mmesema huko kwa binti hakuna waya. Sasa huo umeme utampata kwa njia gani?

Hakimu aliuvuta uzi ambao alikwisha kuuvuta. Niliinua birika nijimiminie; lilikuwa tupu.

Nguzo aliichukua simu. Taa ya kijani ikazimika. Alikaa nayo kiganjani, kidole gumba kikielea juu ya kioo, nasi sote tukitazama barabarani ili tusimtazame yeye. Kisha akairudisha juu ya kisahani, akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka taa ikawaka.